Betri Mbili za Mwalimu Bujiku

Habari ya kifo cha Mwalimu Bujiku ilinifikia nikiwa juu ya paa la zahanati moja huko Migato, bisibisi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Aliyenipigia alikuwa Mzee Maduhu, mtu aliyenipa kazi yangu ya kwanza, ambaye siku hizi ameacha biashara na anafuga ng'ombe. "Yule mwalimu wa mashua unamkumbuka?" aliniuliza. "Yule wa ziwani, aliyeharibu zile betri zetu. Amefariki juzi." Nikasema namkumbuka. "Alikuwa mtu mwema," akasema, "ila mambo ya umeme hayakumpenda." Akaniuliza habari za watoto, akakata simu. Nilikaa pale juu ya bati la moto muda mrefu, mpaka fundi mwenzangu aliyekuwa chini akiniandalia waya akaita kuuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ni jua.

Halikuwa jua. Mwalimu Bujiku hakuharibu betri yoyote maishani mwake. Nilikuwa mtu pekee aliyejua hivyo, na kwa miaka zaidi ya kumi nililiacha jina lake libebe kosa lililokuwa langu. Katika kitabu hiki nimeshaandika mambo mengi ninayojivunia, na watu waliosoma kurasa za mwanzo wameniambia nimejipamba kidogo. Kuna mwaka mmoja ambao sina namna ya kuupamba.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya Bariadi kufanywa makao ya mkoa. Ofisi za serikali zilikuwa bado kwenye nyumba za kupanga, na ungeweza kumkuta afisa wa mkoa anafanyia kazi katika chumba ambacho mwaka uliopita kilikuwa stoo ya pamba. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa letu la umeme. Nilipanga chumba kimoja na muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, jina lake Mwanaidi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja la nondo, na ukuta usiofika darini, kwa hiyo mazungumzo ya majirani wa upande wa pili tuliyasikia kama tumeketi nao. Mwanaidi alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama sita na aliniita mdogo wangu. Alikicheka Kiswahili changu, akisema nakisema kama mtu anayepasua kuni. Mimi nilimcheka alipoona michembe kwa mara ya kwanza. Aligeuzageuza vile vipande vya viazi vikavu mkononi, akaniuliza kama ni chakula au ni maganda. Baada ya mwezi alikuwa anavipika mwenyewe kwa karanga, na hata mama mwenye nyumba alikuja kuonja.

Duka la Bwana Maduhu, wakati huo hakuna aliyemwita mzee, lilikuwa kwenye barabara ya kwenda stendi. Tuliuza paneli za sola, taa, waya na betri, na nyuma kulikuwa na banda la bati ambamo nilifanyia matengenezo. Sikuwa fundi mkuu. Fundi mkuu alikuwa amehamia Shinyanga, nafasi yake iko wazi, na Bwana Maduhu alisema ataona mwisho wa mwaka nani anaifaa. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Wateja wakiingia walikuwa wananipita mimi niliyesimama kaunta wakamtafuta "fundi mwenyewe". Mzee mmoja wa Nkololo aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, niitie baba yako." Nilidhani siku nikiitwa fundi mkuu maneno hayo yataisha.

Mwezi wa tano Bwana Maduhu alinituma Mwanza kuchagua betri kuukuu zilizotolewa kwenye minara ya simu. Mtu mmoja alikuwa anaziuza kwa jumla, na zikiwa bado nzima zinafaa sana kwa sola, kwa sababu zimetengenezwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu. Nilijua jinsi ya kuzipima. Betri unaijaza chaji, unaifunga taa ya mbele ya gari, unaiacha iwake huku unaangalia saa. Ikiwa na afya itawaka tangu asubuhi hadi kesho yake alfajiri. Lakini ilikuwa saa tisa, basi la kurudi lilikuwa linaondoka saa kumi, na yule muuzaji aliniita "injinia". Sikuwahi kuitwa hivyo. Alinipa kiti, akanipa soda, akasema, "Injinia, pima mwenyewe." Nikachomeka mita, ikasoma volti kumi na mbili na nukta nane, nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye shughuli nyingi, nikachukua sita. Mita ile inaeleza betri ina msukumo kiasi gani dakika hiyo. Haielezi msukumo huo utadumu muda gani. Ni kama kumtazama mtu usoni ukadai umejua ana shibe ya siku ngapi.

Siku ya tatu nilizipima bandani kwa taa ya gari, nilivyopaswa kufanya kule kule. Ya kwanza niliifunga taa saa mbili asubuhi. Ikafifia kabla sijamaliza chai ya saa nne. Nyingine ilijikongoja hadi mchana. Katika zote sita, mbili tu zilikuwa na nguvu ya maana. Nilizifunika kwa turubai, nikaenda mbele kumwambia Bwana Maduhu, na nilipofika kwenye pazia lililotenganisha duka na stoo nikamsikia anazungumza na mkewe aliyekuwa amemletea chakula. "Huyu binti nitampa nafasi," alikuwa anasema. "Wengine wote ningewatuma Mwanza wangerudi na takataka na maneno matamu. Huyu hajui kudanganya." Nikasimama pale na mikono michafu. Kama ningefungua pazia muda ule, ningeaibika kwa siku moja, na kitabu hiki kingekuwa na sura nyingine mahali hapa. Nilirudi bandani. Jioni aliponiuliza betri zikoje, nikasema ziko vizuri.

Zile mbili nzima zilinunuliwa na kinyozi, nikashukuru. Zilibaki nne. Nilipanga kuzipeleka taratibu mahali ambapo hazingemwumiza mtu, kama kuwasha taa moja ya uani, na sikuwa na jibu la lini wala kwa nani. Ndipo Mwalimu Bujiku akaja.

Alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari upande wa ziwani, Busega, mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikakata. Alikuja kwa basi, na chini ya kwapa alikuwa na daftari la kurasa arobaini na nane. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, na hakumuulizia fundi mwenyewe. Alifungua daftari juu ya kaunta, akaanza kunieleza mimi. Yeye na mkewe walikuwa na mashua ya tanga waliyoinunua kwa akiba ya miaka. Siku za mwisho wa wiki na likizo walipakia nyanya, mchele na abiria wachache, wakapeleka vijiji vya kando ya ziwa ambako barabara ni mbaya. Injini hawakutaka, mafuta yangekula faida yote. Lakini mashua ya mbao huvuja hata ikizibwa vipi, na mtu wa kuchota maji kwa kopo tangu wanaondoka hadi wanafika alikuwa mkewe, Mama Neema. "Mgongo wake umekwisha," alisema Mwalimu. "Nimepata pampu ndogo ya umeme na paneli moja. Nataka na taa tatu, na redio tusikie habari za hali ya hewa. Kilichobaki ni betri. Watu wa boti za injini wananiambia nichukue ya gari. Mwingine ananiambia ya lori. Wewe binti unasemaje?"

Nilimweleza vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu. Nilimwambia betri ya gari ni kama fahali, ina nguvu nyingi za dakika moja, za kuamsha injini, halafu inataka kupumzika. "Mashua yako inataka maksai wa plau," nikasema, "wa kuvuta polepole kutwa nzima." Alicheka, akaandika maksai wa plau. Nikamwambia betri ya kuongeza maji haimfai, kwa sababu mashua ikilala upande wa upepo tindikali itamwagika, achukue iliyozibwa. Akaniuliza kuhusu zile nyepesi za lithiamu zinazosifiwa mitandaoni, nikamwambia kwa bei yake atanunua mashua nyingine. Tulipiga hesabu pamoja: pampu itakula kiasi gani, taa kiasi gani, mawingu yakikaa siku mbili itakuwaje, na kwamba betri ya namna hiyo usiitumie kupita nusu. Ikatoka kubwa kuliko fedha aliyokuja nayo. Ndipo nikamwonyesha njia. Aache redio, asikilize kwa simu. Simu azichaji nyumbani. Taa abadilishe aweke zile ndogo zisizokula umeme. Ukipunguza mzigo, nikamwambia, betri ndogo mpya inakutosha. Tulikuwa nayo rafuni, mpya, imezibwa, na aliweza kuinunua siku ile ile. Nilikuwa tayari nimeiandika kwenye karatasi.

Hilo ndilo linalonirudia. Jibu la haki lilikuwa limeshaandikwa kwa mkono wangu.

Bwana Maduhu aliingia kutoka nje, akasalimiana na mgeni, akatazama karatasi. "Na zile za Mwanza je?" akaniuliza. "Si ulisema ziko vizuri? Mpe mbili. Kwa bei iliyo chini ya hiyo moja atapata umeme mara tatu, na redio yake aiweke." Hakuwa na hila. Alikuwa anamhurumia mteja, na alikuwa ananiamini. Wote wawili wakanitazama. Nikasema ndiyo, hizo pia zinafaa.

Mwalimu alifunga daftari. "Mimi sijui," alisema. "Nisaidie hivi. Kama mashua ingekuwa yako, ungechukua zipi?"

"Ningechukua hizo mbili," nikasema.

Nikazitoa chini ya turubai, nikazifuta vumbi, nikazipaka grisi kwenye vichwa vya kufungia waya, nikachomeka mita mbele yake. Kumi na mbili na nukta nane. Nikamgeuzia aone mwenyewe, nikamweleza kwamba kumi na mbili na nukta nane ni betri iliyojaa. Kila neno lilikuwa kweli. Alinishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na ile karatasi nilikuwa nimeikunja ndani ya kiganja nilichompa.

Zilipita wiki sita hivi. Nilianza kusahau, au nilijizoeza kusahau, ambalo ni jambo tofauti. Jioni moja Mwanaidi alirudi kutoka kazini amechoka, akavua viatu, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa huku mimi nasonga ugali. Akaanza kusimulia kama alivyozoea. "Leo tumempokea mama mmoja wa ziwani. Dada yake anaishi hapa mjini, ndiyo maana wakamleta kwetu. Mkono umesagika. Vidole viwili havikuokoleka." Nikamuuliza imekuwaje. "Walikuwa kwenye mashua yao jana mchana, mvua ikawakuta. Kumbe wana pampu ya kutoa maji, nayo ikazimika. Maji yakajaa, mashua ikawa nzito haishikiki. Wamefika ufukweni inakwenda kugonga mawe, yule mama akanyoosha mkono kuizuia. Mkono ukabaki katikati." Akanyoosha miguu. "Mumewe amekaa nje ya wodi tangu asubuhi. Anasema yeye ndiye mwenye makosa. Nimemwambia baba, ajali ni ajali, anatikisa kichwa tu. Mdogo wangu, ugali unaungua."

Nilipakua. Tulikula kwa mlenda. Ng'ambo ya ukuta mume na mke walikuwa wanabishana juu ya ada ya mtoto, kisha wakacheka, na nikakumbuka kwamba kutoka kitandani pangu hadi wodi ile ni mwendo wa dakika kumi. Kesho yake nilipika uji wa ulezi, nikajaza chupa ya chai, nikampa Mwanaidi ampelekee yule mama. "Nimwambie umetoka kwa nani?" aliniuliza. Nikasema amwambie ni mtu wa kanisani. Alinitazama, kwa sababu miezi ile kanisani nilikuwa siendi.

Siku mbili baadaye bodaboda ilisimama mbele ya duka. Mwalimu Bujiku alikuwa nyuma, amezikumbatia betri moja juu ya nyingine mapajani. Shati lilikuwa halijapigwa pasi. Nilitoka kumpokea nikiwa nimeshajua nitasema nini, kwa maana nilikesha nikiyapanga maneno, na yalikuwa maneno ya kweli. Sikupata kuyasema, kwa sababu alianza yeye.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, Mwalimu?"

"Betri ulizonichagulia nimeziua." Alizishusha sakafuni taratibu, kama zina maumivu. "Nadhani wiki ya kwanza niliiacha pampu ikafanya kazi muda mrefu. Au waya wa paneli nimeufunga kinyume. Nimefikiri sana, sijaona nilipokosea. Nionyeshe, nijue."

Kisha akatoa daftari lake mfukoni, akafungua ukurasa mtupu, akashika kalamu, akasubiri. Mtu wa miaka karibu hamsini, mkewe amelazwa, amesimama mbele yangu kama mwanafunzi. Bwana Maduhu alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, anasikia. Yale maneno niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Nikaona kwamba siwezi kuyasema bila Bwana Maduhu kuyasikia, na kwamba kuna mlango mwingine, umeachwa wazi na mtu niliyemkosea, na ninachotakiwa ni kupita tu.

"Huenda ulizimaliza chaji kabisa," nikasema. "Betri za namna hii ukizimaliza mara moja tu, hazirudi."

"Kumbe mara moja tu," akasema. Akaandika. Niliiona kalamu ikipita, herufi nzuri za ubaoni. "Ulinieleza siku ile nisipite nusu. Ni kweli ulinieleza."

"Nilikueleza, Mwalimu."

Nimeyarudia maneno hayo mawili kwa miaka hii yote kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Kumwuzia kitu kibovu lilikuwa kosa la uoga. Hili lilikuwa jingine. Alikuja ameinama, nami nikamwekea mzigo mgongoni kwa mikono yangu, nikamsaidia kuusawazisha.

Bwana Maduhu aliinuka, akampa pole ya mke, akamwambia atamwuzia betri mpya kwa nusu ya bei, kwa ubinadamu. Mwalimu alikataa. "Mimi nafundisha historia, bwana. Niliingilia kazi nisiyoijua, na mke wangu ndiye aliyelipa. Sitaharibu nyingine." Akaniachia mfuko. Ndani kulikuwa na samaki wakavu, wa kuniomba radhi. Jioni Mwanaidi aliwapika kwa nyanya na karanga, akawasifu sana. Ningependa kuandika kwamba walinikwama kooni. Hawakunikwama. Nilikula, nikaongeza.

Mwisho wa mwaka nilifanywa fundi mkuu. Zile betri mbili zilizobaki nilimwambia Bwana Maduhu zimepasuka, nikazitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwalimu aliiuza mashua. Mama Neema hakuweza tena kushika kamba za tanga, na Mwalimu peke yake asingeweza. Tangu hapo sikumwuzia mtu betri bila kuifunga taa ya gari mbele yake na kumwambia aketi, asubiri au arudi kesho, na tabia hiyo ndiyo iliyonijengea jina. Watu wanatoka Itilima na Maswa kuja kununua kwangu kwa sababu, wanasema, fundi Kabula hafichi kitu. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Niliwahi kukutana na Mwalimu mara moja katika miaka hiyo. Ilikuwa stendi ya Bariadi, alikuwa na mwalimu mwenzake kijana. Alinitambua kabla sijageuza uso. "Huyu ndiye yule fundi," akamwambia mwenzake, "aliyeniuzia betri nzuri, mimi nikaziua." Akacheka, akaniulizia habari za kazi. Wote walinitazama kwa wema, na mimi nikacheka pamoja nao. Basi lake lilikuwa bado halijajaa. Tulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kuzungumza. Nilimwuliza mama hajambo, akasema hajambo, amezoea.

Kwa hiyo niliposhuka kwenye paa la Migato nilijua kwamba yule ambaye ningepaswa kumwambia ameshaondoka, na nilijua pia, na kulikubali hili kumenichukua muda, kwamba sehemu yangu moja ilishusha pumzi. Hiyo ndiyo iliyonipeleka msibani. Nilijiogopa.

Nilifika siku ya pili baada ya mazishi. Uani kulikuwa na turubai, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka karibu na nyumba. Binti mmoja aliyevaa khanga ya msiba alinipokea, nikajitambulisha. Alikuwa Neema mwenyewe, naye sasa ni mwalimu. "Ndiye wewe fundi wa betri?" akaniuliza, na uso wake ukachangamka kidogo. "Baba alikutaja sana. Kila mwaka siku ya kwanza ya kidato cha kwanza alikuwa anawasimulia wanafunzi habari ile. Anawaambia, nilijifanya najua nisichokijua, mama yenu akapoteza vidole. Msiwe kama mimi. Wengi waliokuja jana walikuwa wanaikumbuka." Kisha akanishika mkono, akanipeleka kwa mama yake.

Mama Neema alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mkono wenye vidole vitatu umelala juu ya paja. Pembeni yake aliketi mkwewe, mama yake Mwalimu, kikongwe mdogo sana mwenye macho makavu. Niliwasalimu kwa Kisukuma, nikatoa rambirambi, nikaomba kuzungumza na Mama Neema faragha. "Sema hapa hapa," akaniambia. "Sina nguvu za kuinuka."

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na hata katika hali ile nilijisikia nikichagua maneno. Nilisema betri zilikuwa zimechoka. Nilisema sikutoa taarifa sahihi. Nilisema Mwalimu hakuwa na kosa. Mama Neema alinisikiliza bila kubadilika uso, na Neema aliyekuwa amesimama nyuma yangu aliuachia mkono wangu.

Mama Neema akasema, "Mkwe wangu hasikii Kiswahili vizuri. Mwambie na yeye."

Kwa Kisukuma hakuna namna ya kusema kwamba hukutoa taarifa sahihi. Ilinibidi nipige magoti, nimtazame yule bibi, nimwambie: nilijua ni mbovu, nikamdanganya mwanao. Alipokuja kuniomba radhi, nikamdanganya tena. Neno la kudanganya nililisema mara mbili, kwa lugha ambayo mama yangu alinifundishia kuongea. Yule bibi alinikodolea macho. Nilingoja anitukane, na nadhani nilitamani anitukane.

"Basi mwanangu hakuwa mjinga," akasema.

"Hakuwa, mayu," nikasema, nikimwita mama. "Alifanya kila kitu sawasawa."

"Alikufa akijua hivyo?"

"Hapana."

Yule bibi akamgeukia Neema, akamwambia awaite watu. Wale wanaume kwenye viti, walimu wa shule, majirani, wanafunzi waliokuwa wanachota maji nyuma ya nyumba, wote. Neema alisita, akamtazama mama yake. Mama Neema alitikisa kichwa kukubali. Nikamwona binti anapita chini ya turubai akiinama kwa kila mmoja, nao wanageuka kunitazama, wanainuka, wanakuja na viti vyao, wengine wanasimama ukutani. Mwalimu mkuu alivua kofia. Hakuna aliyejua anaitiwa nini. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye mkeka, na nilipoona uwanja umetulia nikaanza tena, tangu Mwanza, tangu soda na kile kiti.

"Simama," akasema Mama Neema. "Wale wa nyuma hawakusikii."